Uvimbe wa neva ndani ya taya: mdomo utarudi kusikia?

Fundi wa Satini
Habarini wapendwa. Mimi ni fundi nguo, nipo Tanga, miaka 34. Sisi mafundi tukiwa kazini pini tunazibana mdomoni. Mwezi wa kumi nilikuwa namjaribisha bi harusi gauni, satini nyeupe, mara naona doa jekundu kifuani. Nikadhani kidole. Kumbe pini imenichoma mdomo wa chini, upande wa kushoto, damu inatiririka na wala sina habari!

Ndipo nikakumbuka taya la upande huo lilishaanza kujaa, ila haliumi. Kliniki ya kwanza wakasema jino, wakaning'oa gego. Uvimbe ukabaki palepale na pengo nikapata. Kwingine wakanipiga OPG, ile eksirei ya mataya yote, ikaonyesha duara jeusi ndani ya mfupa, kama mtu amechota kwa kijiko. Wakahisi ameloblastoma, uvimbe unaokula mfupa wa taya. Siku hiyo sikulala, maana binamu yangu aliondolewa nusu ya taya kwa ugonjwa huo. Wakakata kinyama kikaenda maabara, na majibu yametoka juzi: shwanoma, yaani uvimbe wa neva. Daktari akasema si saratani, nikafanyiwe upasuaji Muhimbili. Maswali yote niliyokuwa nayo nikayasahau mlangoni.

Mdomo utazinduka? Na je, utapinda? Mama mkwe keshaniletea dawa ya kusukutua. Nimeipokea kwa adabu, ipo dirishani.

Tabibu wa Meno
Pole dada. Ndani ya mfupa wa taya la chini kuna mfereji, na neva, yaani mshipa wa fahamu, inapita humo kutoka nyuma ya magego hadi kidevuni. Ndiyo inayokufanya usikie kwenye meno ya chini, kidevu na mdomo. Seli zinazoivika neva ganda lake zinaitwa seli za Schwann, kwa jina la Mjerumani Theodor Schwann, na uvimbe wako umeota kwenye hizo. Kuota ndani ya mfupa ni nadra, lakini ukitokea, taya la chini ndipo mahali pake hasa. Kwenye picha unafanana sana na ameloblastoma, kwa hiyo waliohisi hivyo usiwalaumu. Wa gego, sina la kusema.

Kupinda, ondoa hofu. Neva hii kazi yake ni kusikia tu, misuli ya uso ina neva nyingine. Ganzi ndiyo siwezi kukuahidi. Shwanoma hukua pembeni ya neva, ndani ya kifuko chake, hivyo mara nyingine hubanduliwa na neva ikabaki. Mara nyingine nyuzi haziokoki. Muulize daktari wako, "Neva yangu mnatarajia kuibakiza?" Na kama una uvimbe mwingine mwilini, au masikio yanapungua kusikia, mwambie, maana shwanoma zikiwa nyingi huweza kuwa ni jambo la kurithi.

Baba Wawili
Mimi walinitoa wa hivyohivyo, mwaka wa nne sasa, na haujarudi. Baada ya upasuaji ganzi ilizidi kwanza, nikakata tamaa kabisa. Mwezi wa tano ukaanza mnyeo, kama sisimizi wanatembea kidevuni. Leo nasikia, ila si kama zamani: mke wangu ndiye anayeniambia kuna ugali umebaki mdomoni. Angalia chai ya moto, dada. Mimi niliungua hadi malengelenge bila kujua. Onjea upande mzima kwanza.

Fundi wa Satini
Asanteni sana, la kupinda ndilo lilikuwa limenikaba. Baba Wawili, hao sisimizi nitawasubiri.

Doa la bi harusi nililitoa kwa mate yangu mwenyewe, mafundi mnajua, damu yako inasikia mate yako. Hakuliona. Pini sasa nachomeka kwenye sponji niliyofunga mkononi. Safari ni wiki ijayo, na swali la neva nimeliandika nyuma ya karatasi ya vipimo, juu kabisa, kwa kalamu nyekundu.