Ushauri: nimepata kazi ya kufundisha watoto Kifaransa kwenye NGO hapa Dodoma, nianzeje?

Chaki Nyeupe: Wakuu, habari za majukumu. Nimepata nafasi kwenye NGO inayofundisha Kifaransa watoto wa miaka 8 hadi 11, huku Nzuguni. Wako 45, mara tatu kwa wiki baada ya shule. Kitabu hakuna. Wiki za mwanzo nifundishe nini? Usingizi sipati.

Zabibu Kavu: Gawa makundi matatu ya 15, kila moja dakika 30. Wiki sita za mwanzo usiandike kitu ubaoni: salamu, rangi, namba 1 hadi 20, amri za darasani, basi. Mtoto aliyezoea Kiswahili anatamka kila herufi anayoiona. Mwandikie "petit" (t ya mwisho haitamkwi) mapema uone, atasema "petiti" na kumtoa hapo ni kazi. Sauti ya "u" kwenye neno la Kifaransa "tu" wanaipata wakisema "i" huku wamechongoa midomo kama wanapiga mluzi. Nomino mpe na "le" (ya kiume) au "la" (ya kike) yake siku hiyohiyo. Baadaye ukiendelea na namba, simama 69 kwanza. 70 ni 60 na 10, 80 ni 4 mara 20, hesabu hizo zinawachanganya.

Mama Ubwabwa: Kifaransa! Shikamoo yenyewe hawaijui.

Kikuyu Kaskazini: Mkuu, mkataba ni wa ajira au wa kujitolea?

Chaki Nyeupe: Hilo tuliache, naomba ya darasani.

Kikuyu Kaskazini: Hilo ndilo la kwanza. Jibu.

Chaki Nyeupe: Wa kujitolea, miezi sita, posho 300,000. Mkurugenzi kasema fedha za mfadhili zikiingia tunaajiriwa. Na shuleni niliko nimeshapeleka barua ya kuacha kazi. Lakini jamani, hawa watu wana maono.

Kikuyu Kaskazini: Mwenye nyumba hapokei maono. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara na mwajiri anabeba angalau nusu. Kwenye posho usitegemee hata mia. Wakikutema ukaenda CMA, tume ya kusuluhisha migogoro ya kazi, kwanza utabishana kama ulikuwa mwajiriwa. Anayelipwa kwa mwezi notisi yake ni siku 28, kwa hiyo bado uko kazini: andika barua ya kuomba kuitengua ile ya kwanza, mwajiri akikubali akujibu kwa maandishi. Kisha nenda Mtumba kwa Msajili wa NGOs na jina kamili la shirika, uliza kama usajili uko hai. Mkurugenzi naye akuonyeshe mstari wa mishahara kwenye bajeti aliyosaini mfadhili.

Bonge la Ipagala: Hii chai. Kifaransa Nzuguni? Jamaa anatangaza NGO yake kiaina. Taja jina la shirika.

Chaki Nyeupe: Jina sitaji, nina kibarua cha kulinda. Lundi, mardi, mercredi, jeudi... niendelee?

Bonge la Ipagala: Hata Google inazijua hizo. Chai, tena ya rangi.

Zabibu Kavu: Chai au si chai, wazazi wameahidiwa cheti?

Chaki Nyeupe: Ndiyo, DELF, kile cha Kifaransa cha kimataifa.

Zabibu Kavu: Kwa umri huo ni DELF Prim, ya watoto, ina ngazi za A1.1, A1 na A2, kuanzia ya chini. Anza na A1.1. Ada ya mtihani analipa nani? Alliance Française, vituo vya Kifaransa vya kufanyia mtihani huo, ziko Dar na Arusha. Piga nauli ya watoto 45 na walezi wao, kwenda na kurudi, na malazi.

Kikuyu Kaskazini: Barua umeitengua?

Chaki Nyeupe: Nawasikia wakuu. Ila kikao na wazazi ni Jumamosi, nimeshathibitisha.

Mama Ubwabwa: Alikuja kuomba ushauri au baraka?