Studio ya vito nyumbani: kona ya chumbani, barazani au banda la uani?

mtunga_shanga (Tanga)
Wadau, habari za jioni. Natengeneza mikufu na bangili za shanga, sasa nataka kuongeza hereni za fedha maana wateja wanaziulizia sana. Naishi nyumba ya kupanga. Nina sehemu tatu: kona ya chumbani yenye dirisha, baraza ya nyuma, na banda la uani ambalo mwenye nyumba kanikubalia. Aliyewahi kufanyia kazi sehemu kama hizi anilinganishie, hasa moto na vumbi.

Bi Rukia
Mwanangu, kwa shanga kaa dirishani. Shanga namba 11 ni ndogo kuliko namba 8, na ukitunga chini ya taa ya njano utachanganya bluu iliyokolea na nyeusi, uje uone kasoro asubuhi kidani kimeshafungwa. Barazani upepo unachezea uzi na watoto wanapita. Mezani tandika taulo la zamani, shanga ikidondoka inatulia hapo hapo. Weka kila rangi kwenye chupa yake inayoonyesha ndani, na namba uiandike ubavuni, si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana.

fundi_fedha
Shikamoo Bi Rukia, kwa shanga umemaliza. Fedha ni habari nyingine. Lehemu ya fedha inataka joto la zaidi ya nyuzi 600, na moto huo karibu na godoro na pazia hapana kabisa.

Wengi watakwambia baraza, kwa kuwa ni wazi. Mimi siikubali. Kwenye jua huuoni wekundu wa fedha inapopata moto, na fedha ya 925 (yaani asilimia 92.5 ni fedha halisi) ukiizidishia kidogo tu hereni inageuka donge. Upepo nao unapindisha mwali. Banda lenye kivuli ndilo zuri. Ila gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni, kwa hiyo dirisha la juu halitoshi: toboa matundu chini ya ukuta, na mtungi ukae nje. Meza nayo iwe ya juu, sentimita 90 hadi 100, ifike kifuani ukiwa umekaa. Ya chakula itakuumiza mgongo.

mtunga_shanga
Shikamoo Bi Rukia, na asante fundi. Na ule weusi baada ya kulehemu nautoaje bila tindikali kali? Uani kuna watoto.

vito_arusha
Dada, tumia ndimu ya unga kwenye maji ya moto, kwenye chombo ambacho hakirudi jikoni. Usichovye kibano cha chuma humo, fedha itatoka na utando mwekundu wa shaba. Tumia cha shaba au cha plastiki. Na ukija kupachika tanzanaiti, jiwe liwe la mwisho, baada ya moto wote. Joto la ghafla hulipasua.

salma_mombasa
Mimi nina wazo tofauti. Nyumba ni ya kupanga, kesho unaweza kuhamishwa, na matundu ukutani utayaziba kwa pesa yako. Mimi shanga nazifanyia chumbani, fedha naikata na kuipiga tupa mwenyewe, kulehemu nampelekea sonara na namlipa kwa pea. Mpaka oda ziwe za uhakika, hiyo ni nafuu kuliko kununua tochi ya gesi ya kulehemia, mtungi na matofali ya kuchomea. Halafu sisi wa pwani hewa yetu ina unyevu, hereni zilizokwisha zifunge kwenye vifuko visivyopitisha hewa, na kipande cha chaki ndani.

fundi_fedha
Hoja ya Salma ina uzito, kwa kuanzia nami ningefanya hivyo. Ila kazi ya tupa usiifanyie kwenye meza ya shanga. Funga kipande cha ngozi chini ya ukingo wa meza nyingine, kipokee vumbi na vipande. Hiyo ni fedha yako, kusanya kwenye kopo, sonara huinunua au huiyeyusha ukaitumia tena.