Tupeane uzoefu: leba, ulisema ukapuuzwa, au uliambiwa ukapuuza

Mleta mada: Nasomea ukunga, mwaka wa pili. Leo tumefika kwa Orlando, yule nesi wa Marekani aliyeandika mwaka 1961 kwamba unachokiona kwa mgonjwa ni dhana yako tu mpaka umuulize mwenyewe. Nikamkumbuka dada yangu: alilia leba, wakamwambia anadeka. Wenzangu yaliwakuta yapi?

Mama Pacha: Anadeka! Hilo neno wanafundishwa chuo gani?

Zamu ya Usiku: Sijawahi kuandika hili popote. Napokea zamu saa mbili usiku, mwenzangu mkoba begani, ananikabidhi huku anatembea: "Wa kitanda cha nne yuko sawa, njia imefunguka sentimita sita, mtoto anacheza." Wa nne kashika kichwa. Nikajiambia ni uchungu, mimba ya kwanza hiyo. Akaniita: sista, naona vimulimuli. Nikamjibu pumua mama, nikakimbilia wa saba aliyekuwa anasukuma. Narudi, macho yamegeuka, ulimi kaung'ata, kitanda kinatikisika. Kifafa cha mimba. Presha 180/120. Ndipo nafungua faili: jioni ilisoma 160/110, imeandikwa kwa mwandiko mzuri kabisa, na hakuna aliyeitamka. Tukampa magnesiamu, dawa ya kuzuia degedege, akapasuliwa, wakapona wote wawili. Siku ya tatu akaniambia, "Si nilikuambia, sista." Hata hakukasirika.

Mama Pacha: Mungu wangu.

Kofia Nyeupe: Tusimbebeshe Orlando kila kitu. Uko peke yako na wazazi tisa, utamuuliza nani, saa ngapi? Nadharia ni za mtihani.

Mleta mada: Kumuuliza kama anaona sawasawa ni sekunde kumi, kaka.

Kofia Nyeupe: Maliza chuo kwanza. Na mimi ni dada.

Mkunga Mstaafu: Wanangu, mnagombana bure. Kabidhianeni zamu kitandani, mama akisikia, mkikosea atawasahihisha. Na simu ya daktari ina mpangilio: hali ya sasa, alikotokea, ninavyoona mimi, ninachotaka ufanye. Ulianzia kwenye nyambizi za jeshi la Marekani huo. Ukimwambia "dokta, mgonjwa hayuko vizuri" atageukia ubavu wa pili.

Mama Pacha: Ushauri wangu kwa wajawazito: pigeni kelele.

Mjamzito Tena: Ukipiga kelele unaitwa mkorofi. Taja dalili moja moja, taratibu: kichwa, macho, maumivu chini ya mbavu, damu.

Mama Pacha: Mimi nilikaa kistaarabu mpaka damu ikalowesha godoro. Kelele, dada.

Baba Kijacho: Sisi tunaosimamishwa mlangoni je, tupige kelele huko huko nje?

Mkunga Mstaafu: Wewe shika kadi ya kliniki, usiiache nyumbani.

Mjamzito Tena: Zamu ya Usiku, yule mwenzako wa mkoba ulimwambia?

Zamu ya Usiku: Nilimwambia. Akanijibu kwamba aliandika. Na kweli, aliandika.