Masikio ya mtoto hayatulii: ni chakula, ama ni namna tunavyoishi?

Bint Langoni
Assalaam aleikum jamani. Niko Lamu, mtaa wa Langoni. Mwanangu wa kiume ametimiza miaka miwili juzijuzi, na masikio hayampi raha. Huanza mafua, halafu homa ya usiku, anavuta sikio na kulia mpaka alfajiri, kisha usaha unatoka. Tukienda zahanati anapewa amoksilini ya maji, anatulia, halafu mafua mengine yakija tunarudi palepale.

Sasa kila mtu ana lake. Mama mkwe asema ni maziwa ya ng'ombe, niyakate kabisa. Jirani asema ni mabuyu na barafu za sukari anazopewa na binamu zake. Mimi nashuku bahari, maana wakubwa wakienda kuogelea naye yumo. Kula anakula: uji asubuhi, wali na samaki mchana, usiku chupa yake ya maziwa kitandani mpaka asinzie. Kuna chakula kinacholeta mambo haya? Nikate nini?

Mkomani
Wa aleikum salaam. Mafuta ya nazi ya uvuguvugu na kitunguu saumu, matone mawili. Sote tumelelewa hivyo na tunasikia.

Baba Mapacha, Malindi
@Mkomani, kaka, huyo mtoto anatoka usaha. Maana yake huenda ngoma ya sikio imetoboka. Ukitia mafuta unayapeleka ndani pamoja na uchafu wake. Hapana.

Mkomani
Haya, hilo nimeliacha. Lakini maziwa? Bibi zetu walikuwa wakisema maziwa huleta makamasi.

Nesi Mstaafu
Bint Langoni, mwanangu, pole. Nimekaa kliniki za watoto hapa pwani kwa muda mrefu, na swali la "nikate nini" ndilo mama wengi huanza nalo. Hebu kwanza tuone ugonjwa wenyewe unakaa wapi.

Nyuma ya pua kuna mrija mwembamba unaokwenda mpaka sikio la kati, nyuma ya ngoma. Kazi yake ni kupitisha hewa na kumwaga majimaji. Kwa mtu mzima umeinama, kwa hivyo unamwaga vizuri. Kwa mtoto ni mfupi na umelala karibu sawasawa. Akipata mafua unavimba na kuziba, majimaji yanakwama, vidudu vinazaana humo. Ndiyo maana sikio huja nyuma ya mafua, na ndiyo maana watoto wa kati ya miezi sita na miaka miwili ndio wanaoteseka zaidi. Wengi hupona kadiri wanavyokua.

Kwa hivyo uliza: nini kinaziba au kuwasha mrija huo? Maziwa kwa watoto wengi hayana hatia. Wako wachache wenye mzio wa maziwa ya ng'ombe, lakini hao kwa kawaida huonyesha na dalili nyingine: ukurutu, kuharisha, kutapika, kifua kubana. Wako hana? Usimnyime maziwa kwa maneno ya jirani wala ya mkwe. Sukari ya mabuyu itamharibu meno na kumshibisha asile chakula cha maana, lakini sijaona ushahidi wa kuitwika lawama ya sikio. Chakula kinasaidia kwa upande mwingine: mwili ulioshiba mchicha, embe, papai, ini na samaki unapambana vizuri na mafua. Matone ya vitamini A hutolewa kliniki kila miezi sita mpaka mtoto atimize miaka mitano. Angalia kitabu chake kama hajakosa.

Lililonishtua mimi si maziwa, ni vile anavyoyanywa. Chupa ya kulala! Mtoto akinyonya chali, maziwa yanaweza kurudi mpaka kwenye mrija ule. Akae, au umpakate kichwa kikiwa juu, amalize ndipo alale. Na kwa miaka miwili afadhali kikombe. Hata chuchu ya mpira ya kunyamazishia, kama anayo, iache.

Sasa nijibu: nani anavuta sigara nyumbani? Mnapikia wapi? Anakoroma?

Bint Langoni
Ahsante sana Bi Nesi. Chupa nitaitoa ingawa najua usiku huo utakuwa wa vita. Mzio sioni. Chanjo zake zote amepata, na kitabu ninacho.

Sigara… babu yake, yaani baba mkwe. Huketi daka, yaani baraza ya mlangoni, na marafiki zake, akichoka anaingia ndani na moshi wake. Jiko ni la makaa, liko kiwandani, yaani uani, na nyumba ni ya zamani, kuta nene, moshi ukiingia unakaa. Na kukoroma, ndiyo! Anakoroma kama mzee na hulala mdomo wazi. Nilidhani ni kwa sababu ya mafua.

Nesi Mstaafu
Basi hapo umefika penyewe. Moshi wa sigara ni miongoni mwa mambo yaliyothibitika kabisa kuongeza maradhi ya sikio kwa watoto. Unauwasha mrija na kuupa uvimbe. Moshi wa makaa na kuni hausaidii pia. Mtoto asicheze karibu na jiko, na kama kuna uwezo wa gesi, hata ya kuchemshia tu, itumieni.

Kukoroma na mdomo wazi ni habari ya nyama za puani, zile zinazokaa nyuma kabisa ya pua, karibu na tundu la mrija. Zikivimba zinaziba. Hilo haliangaliwi kwa macho ya nyumbani. Omba akaonwe na mtaalamu wa masikio, pua na koo. Ukianzia hospitali ya kaunti watakuelekeza. Anayepata maambukizi mara tatu ndani ya miezi sita, au mara nne kwa mwaka, hapaswi kuendelea kupewa chupa ya dawa na kurudishwa nyumbani tu.

Mama Shela
Na udi je? Ijumaa nyumba yetu ni wingu.

Baba Mapacha, Malindi
Mama Shela usitutoe roho 😂 Fukiza mtoto akiwa nje, fungua madirisha, arudi harufu imebaki na moshi umetoka.

Bint Langoni
Udi nitaweza. Tatizo ni mzee. Mimi ni mke wa mwanawe, nitamwambiaje baba mkwe azime sigara nyumbani kwake mwenyewe?

Mama Shela
Usimwambie wewe. Mumeo ndiye wa kusema, tena si mbele ya wale wenzake wa daka. Kwetu tulimtumia mama mkwe, akamwambia mzee, "Daktari amekataza moshi kwa mjukuu wako." Likishakuwa neno la daktari hakuna aliyevunjiwa heshima. Mzee mwenyewe ndiye sasa anawafukuza wavutaji wengine.

Baba Mapacha, Malindi
Hapo Mama Shela umenena. Niongeze la bahari, maana hakuna aliyeligusa. Mimi nazamia, sikio la nje nalijua. Maji ya bahari huwasha njia ya nje: sikio linawasha, na ukivuta ndewe au ukibonyeza pale mbele ya tundu unaruka kwa maumivu. La mtoto wako, lenye mafua na homa, si hilo. Ngoma ikiwa nzima maji hayafiki ndani. Lakini kwa sasa ina tundu, basi baharini asiingie mpaka aonwe, na akiogeshwa mtie pamba iliyopakwa mafuta ya mgando, uitoe ukimaliza.

Nesi Mstaafu
Sawa kabisa. Na usaha ukitoka: sokota kitambaa safi cha kufyonza kama utambi, kitie taratibu, kikilowa toa, tia kingine mpaka sikio likauke. Mara tatu kwa siku. Pamba za vijiti hapana. Matone ya dawa ni yale utakayopewa hospitali baada ya sikio kukaguliwa, si ya kununua kwa kubahatisha. Usaha ukipita wiki mbili, au hasikii ukimwita, usingoje. Ukiona uvimbe nyuma ya sikio, sikio limesukumwa mbele, shingo imekakamaa au amelegea, ni siku hiyohiyo, hata kama ni usiku na ni kwa boti.

Bint Langoni
Allah awalipe. Jumatatu tunakwenda hospitali. Nibebe nini?

Nesi Mstaafu
Kitabu cha kliniki, na chupa au karatasi za dawa zote alizowahi kupewa. Na mrekodi kwa simu akikoroma, dakika moja yatosha. Madaktari wengi hawamwoni mtoto akiwa amelala.

Mkomani
Na mimi ninayewashwa sikio kila nikitoka kuvua?

Baba Mapacha, Malindi
Fungua uzi wako. Na hiyo nazi iache jikoni.