Janga la homa ya mafua likirudi na chanjo ikawa haba, mjamzito aanze au angoje?

Mizani:
Naomba tulijadili hili kabla halijatufika mlangoni. Julai 2009, kirusi cha mafua ya nguruwe, H1N1, kilipokuwa kimeshaenea duniani, jopo la wataalamu wa chanjo wa Shirika la Afya Duniani lilisema wahudumu wa afya wachanjwe kwanza, ndipo wafuate wajawazito na wengineo. Mwaka 2012, kwa mafua ya kila msimu, wajawazito wakapandishwa juu kabisa. Mwaka 2022 shirika hilohilo likawaweka sawa wajawazito, wazee, wenye maradhi sugu na wahudumu wa afya. Mimi nasimama na lile la 2009. Muuguzi akilala, wodi nzima imelala. Mjamzito ana njia nyingine: aepuke msongamano, homa ikimpata avumilie asimeze vidonge ovyo, na akijifungua akiwa mgonjwa atengwe na mtoto mpaka apone.

Mkunga wa Zamu:
Ndugu Mizani, mengine nitayarudia, lakini hilo la "avumilie" haliwezi kupita hivihivi. Wanawake wanalisikia kila siku, kisha wanaletwa siku ya tano wakiwa hawawezi kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi.

Joto kali katika wiki za mwanzo, wakati uti wa mgongo wa mtoto unafunga, limehusishwa na mgongo wazi. Kwa hiyo homa ya mjamzito inashushwa. Parasetamoli gramu 1, yaani vidonge viwili vya miligramu 500, kila baada ya saa 6, na isizidi gramu 4 kwa saa 24. Kosa linalojirudia ni hili: anameza vidonge viwili, halafu anakoroga pakiti ya dawa ya mafua kwenye maji ya moto. Ukiigeuza pakiti ile nyuma, kwa maandishi madogo, mara nyingi utakuta parasetamoli nyingine humohumo. Akifanya hivyo mchana kutwa, ini linaumia. Soma kwanza, ndipo ukoroge.

Ibuprofeni na ndugu zake zisiguswe kuanzia wiki ya 20 bila amri ya daktari. Zinapunguza mkojo wa mtoto, na maji ya uzazi yanapungua. Mimba ikikomaa zaidi, zinaweza kufunga kabla ya wakati mshipa unaoipitisha damu ya mtoto kando ya mapafu yake.

Mizani:
Dada, nimesema "ovyo". Sijasema asitumie dawa. Usinilishe maneno.

Kipimajoto:
Nani kalishwa nini tuliache. Mnabishana juu ya parasetamoli, na parasetamoli haiui kirusi. Inayopambana na kirusi ni oseltamiviri: miligramu 75 mara mbili kwa siku, siku 5, iwe miezi mitatu ya mwanzo au ya mwisho. Inafanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zianze. Marekani mwaka 2009, wajawazito walioanza dawa baada ya siku ya nne walilazwa wodi ya mahututi mara 6 zaidi ya walioanza ndani ya siku mbili za mwanzo. Dawa ileile, dozi ileile. Kilichowatofautisha ni siku.

Tena asisubirishwe majibu ya maabara. Vipimo vya haraka vya mafua huwakosa wagonjwa wengi, na jibu la "hana" halimtoi hatarini wakati wa mlipuko. Mjamzito mwenye homa na kikohozi, janga liko mtaani, anapewa dozi ya kwanza palepale. Akichelewa kufika bado apewe, hasa akiwa mahututi. Inatapisha, kwa hiyo aimeze na chakula.

Ukindu:
Samahanini wakubwa, mnavyoongea utadhani ni tauni. Mafua ni mafua. Na hiyo chanjo yenyewe mnayoigombea, si kuna utafiti wa Norwei ulionyesha watoto walifia tumboni baada ya mama zao kuchanjwa?

Kipimajoto:
Umeushika kichwa chini miguu juu, ndugu yangu. Utafiti ule ulitoka 2013 na ulichunguza mimba za kipindi cha janga la 2009. Waliochanjwa hawakupoteza watoto zaidi ya wasiochanjwa. Waliougua mafua yenyewe ndio ambao hatari ya mtoto kufia tumboni ilikaribia mara mbili. Ukiusambaza kama ulivyousema, mtu atamzuia mkewe kuchanjwa kwa sababu yako.

Mkunga wa Zamu:
Na hilo la "mafua ni mafua" nalijibu kwa hesabu, maana limeniuma. Mwaka 1918 daktari wa Marekani, Harris, alikusanya habari za wajawazito 1,350 waliougua. Nusu walipata nimonia. Katika hao wa nimonia, zaidi kidogo ya nusu walikufa. Jumla ni asilimia 27 ya wote. Mimba ziliharibika au kukatika kwa asilimia 26 ya wasio na nimonia, na asilimia 52 ya wenye nayo. Mwaka 1957, katika jimbo la Minnesota, nusu ya wanawake wa umri wa kuzaa waliokufa kwa janga lile walikuwa wajawazito. Mwaka 2009 nchini Marekani wajawazito walikuwa kama asilimia 1 ya watu, lakini asilimia 5 ya vifo. Uingereza mwaka huohuo, wanawake waliolazwa na H1N1 wakiwa wajawazito walipoteza watoto 39 katika kila uzazi 1,000, dhidi ya 7 kwa wengine, na wengi wa hao walifia tumboni. Majanga matatu, na kila mara mjamzito ndiye anayelipa zaidi.

Ukindu:
Sawa, Norwei nimeikosea, nakubali. Ila ya 1918 hakukuwa na dawa wala oksijeni kama leo. Usinitishe na mambo ya miaka mia.

Sauti ya Wodi:
Oksijeni ipo, ila inatolewa kwa kuchelewa, na sababu ni kwamba watu wanasoma vipimo vya mjamzito kama vya mtu mwingine yeyote.

Mfuko wa uzazi unakisukuma juu kiwambo cha kifua. Hewa inayobaki mapafuni mwisho wa pumzi inapungua kama kwa moja ya tano, huku mwili ukitumia oksijeni zaidi. Akiba ni ndogo, matumizi ni makubwa. Akianza kushuka, hushuka ghafla.

Kibaya zaidi ni kabonidioksaidi ya damu. Mjamzito mzima huvuta pumzi kwa kina zaidi, kwa hiyo kipimo chake cha kawaida ni kati ya 28 na 32 mmHg. Sasa fikiria karatasi ya majibu mezani: mama ana wiki 31, anahema mara 34 kwa dakika, na kwenye mstari wa kabonidioksaidi pameandikwa 40. Pembeni mashine imechapa kwamba 40 iko ndani ya kiwango. Kwa mtu mwingine, ndiyo. Kwa huyu, 40 maana yake amechoka kupumua. Anayepita na kusema "gesi ziko sawa" anamwacha na saa chache. Huyo anaitiwa timu ya ganzi sasa hivi, si kesho asubuhi.

Oksimita ya kidoleni, kile kipima oksijeni ya damu, ikisoma chini ya asilimia 95, aanze oksijeni. Asilazwe chali baada ya wiki ya 20, maana mimba inaukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, presha inashuka na mtoto anakosa damu. Alalie ubavu wa kushoto, au awekewe mto chini ya nyonga ya kulia. Na maji ya dripu yasimwagwe tu kwa kuwa ana homa, yataishia mapafuni.

Mizani:
Hapo umenifundisha kitu, nakiri. Lakini kwa nini msimzalishe tu? Mtoto akitoka, mapafu ya mama yanapata nafasi.

Sauti ya Wodi:
Hilo ndilo wazo la kwanza la kila mtu. Nafuu ya mapafu baada ya kuzalisha mara nyingi ni ndogo, na upasuaji unamwongezea mama ganzi na kupoteza damu akiwa tayari hana akiba. Anazalishwa kwa sababu za uzazi, au pale hali yake inaposhindikana na mtoto anaweza kuishi nje. Kabla ya hapo, hata kumlaza kifudifudi kunawezekana: mto chini ya kifua, mto chini ya nyonga, tumbo lining'inie huru katikati.

Na msichanganye steroidi mbili. Deksamethasoni miligramu 6 kila saa 12, sindano nne, kati ya wiki 24 na 34, ni ya kukomaza mapafu ya mtoto anayekaribia kuzaliwa njiti. Steroidi za kutibu mapafu ya mama kwa mafua makali ni habari nyingine, zimehusishwa na vifo zaidi.

Mkunga wa Zamu:
Bado Mizani hajaambiwa kuhusu kumtenga mama na mtoto. Usidhani nimesahau.

Mizani:
Hilo sikulitunga. Marekani ndiyo iliyoshauri mwaka 2009: mama mgonjwa akae kando na mtoto mpaka awe ametumia dawa ya virusi saa 48 na homa imekata saa 24.

Mkunga wa Zamu:
Walishauri, kweli, na humohumo wakasema maziwa yakamuliwe na mtoto apewe na mtu mzima asiyeumwa. Watu hubeba neno "atengwe" wakaiacha sehemu ya maziwa. Siku mbili bila kunyonya wala kukamua, matiti yanajaa, yanauma, kisha maziwa yanapungua. Mtoto anaingizwa kwenye maziwa ya kopo wakati anapohitaji zaidi kingamwili za mama yake.

Kirusi kinasafiri kwa matone ya kikohozi na kwa mikono, si kwa maziwa. Kwa hiyo anawe mikono kwa sabuni, avae barakoa ikizibe pua, anyonyeshe. Akimaliza, mtoto alazwe umbali wa zaidi ya mita moja, kichwa kikiwa mbali na upande anaokoholea mama. Barakoa ikilowa ibadilishwe. Oseltamiviri anaendelea nayo, kiasi kinachoingia kwenye maziwa ni kidogo sana. Akizidiwa asiweze kumshika mtoto, akamuliwe kila saa mbili au tatu.

Mizani:
Kwa mpangilio huo nakubali. Neno "atengwe" nalifuta. Ila mada ilikuwa foleni ya chanjo na hakuna aliyenijibu. Muuguzi au mjamzito?

Kipimajoto:
Nakujibu. Muuguzi wa wodi ya wazazi na mjamzito wachanjwe siku moja, maana muuguzi asiyechanjwa ndiye anayemletea mama kirusi kitandani. Zikibaki dozi chache baada ya hapo, nampa mjamzito kabla ya mhudumu asiyegusa wagonjwa, kwa hoja ambayo haikuguswa humu: mtoto chini ya miezi 6 hana chanjo ya mafua. Kinga yake kubwa inapita kwenye kondo la nyuma. Jaribio la Bangladesh lililotoka 2008 lilionyesha mafua yaliyothibitishwa maabara yakipungua kwa asilimia 63 kwa watoto ambao mama zao walichanjwa wakiwa wajawazito. La Mali lilipata 33, la Nepal 30, kwa hiyo tusiahidi makubwa. Lakini dozi moja ya mililita 0.5 begani inawakinga wawili.

Iwe chanjo ya kirusi kilichouawa. Ile ya kupuliza puani ina kirusi hai, mjamzito hapewi. Kingamwili zinahitaji kama wiki mbili kujengeka, kwa hiyo anayechanjwa wiki ya 39 anaweza kujifungua kabla hazijamfikia mtoto. Na chanjo ikae kati ya nyuzi 2 na 8. Ikiganda, itupwe. Usiiyeyushe ukamchoma mtu.

Ukindu:
Na aliyejifungua juzi? Yeye si mjamzito tena, kwa hiyo anatoka kwenye orodha?

Mkunga wa Zamu:
Hatoki. Wiki mbili za kwanza baada ya kujifungua hatari yake bado ni ya mjamzito, kwa hiyo dawa anaanzishwa kwa saa zilezile 48. Chanjo apewe kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, na wote watakaombeba yule mtoto wachanjwe naye.