Amemwaga maharage YANAYOCHEMKA, beseni la maji machafu kaliacha!

Moto wa Mafiga
Wakuu, hapa nilipo mikono inatetemeka kwa hasira. Yule bwana afya wa kata mnamjua, sina haja ya kumtaja jina, yule wa mabuti ya mpira na kalamu mbili mfukoni anayezunguka kata nzima na mgambo. Leo asubuhi kafunga mabanda yote ya mama lishe, eti kipindupindu. Kipindupindu kipo kweli, watu wanalazwa, hakuna anayebisha. Lakini kamwaga sufuria la maharage. Yanachemka! Mtaroni!

Maharage yako jikoni tangu alfajiri, povu linapanda, mfuniko unarukaruka. Vimelea vya kipindupindu vinakufa maji yakitokota, hata vingevaa koti la zimamoto visingetoka humo vizima. Hatua mbili kutoka kwenye mafiga kuna beseni la kuoshea vyombo, maji yameshakuwa meusi kwa sahani zilizopita humo bila kubadilishwa. Hakuligusa. Jagi la maji ya kunywa na kikombe kimoja kinachozunguka meza nzima, hakuligusa. Kachumbari ya kabichi iliyosuuzwa kwa maji ya kisima kifupi, kaipita kama haioni. Kamwaga maharage!

Ugonjwa huu unaingia mdomoni, kwa maji au chakula kilichoguswa na kinyesi. Kibandani njia zake zinajulikana: maji ya kunywa, maji ya kusuuzia, mboga mbichi, barafu, mikono ya anayepakua, na wali wa jana uliolala bila kupashwa moto, maana wali uliopoa vimelea vinazaliana humo usiku kucha. Angefunga hizo. Ndoo ya lita 20 yenye koki na mfuniko, kidonge cha klorini cha miligramu 67, koroga, subiri nusu saa, maji tayari. Maji yakiwa na tope unachuja kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, halafu unatia vidonge viwili. Hayo angeyafundisha kwa dakika kumi. Yeye kachukua matambara ya mama wa watu, kashika sufuria la mama wa watu, kamwaga maharage kwenye mtaro uleule ambao mvua ikinyesha unafurikia kisimani!

Koki ya Plastiki
Mkuu umenena. Naongezea kwenye vyombo, maana hapo ndipo wengi wanaharibu. Mabeseni yawe matatu: sabuni, kusuuza, klorini. Jiki ya asilimia 5, mililita 100 kwenye lita 10 za maji, inakupa klorini ya asilimia 0.05. Loweka dakika kumi, kisha panga sahani kwenye chanja zijikaushe zenyewe. Usifute kwa tambara, tambara ndilo linalorudisha uchafu. Na usitie klorini kwenye beseni lenye makombo, mafuta na makombo yanaimaliza nguvu kabla haijaua chochote. Tengeneza mpya kila siku, weka kivulini. Palipotapikwa ni kali zaidi, jiki kipimo kimoja kwa maji vipimo tisa. Vidonge navyo vina nguvu tofauti, soma pakiti.

Vitumbua vya Asubuhi
Na sisi wa vitumbua? Mafuta ya kukaangia yana joto kuliko hayo maharage yenu, tumefungwa! Juisi ya miwa kando ya barabara inaendelea, na barafu yake inavunjwa kwa nyundo juu ya gunia chini. Baridi haiui hivyo vimelea.

Sina Mbambamba
Uzi mzima maharage, maharage. Mkuu ulishalipia sahani nini? Kibanda hakina choo, hakina maji, anayepakua ndiye anayepokea pesa kwa mkono uleule. Mnataka kiachwe hadi wafe wangapi?

Moto wa Mafiga
Soma vizuri. Sijasema asifunge! Nasema YALIKUWA YANACHEMKA. Na choo cha soko kipo, kina kufuli, ufunguo uko ofisini kwake!

Shemeji wa Nairobi
Nyinyi mmemwagiwa sufuria moja. Huku Machi 2020 baa zote zilifungwa kwa ajili ya korona, na Julai mwaka huohuo hata mikahawa ikakatazwa kuuza pombe kwa siku 30. Keg, bia ya mtungi, si maharage ya kupika upya kesho. Mtungi ukishafunguliwa ni siku chache tu, bia inachacha, na mabomba yasiposafishwa yanaota ukungu ndani. Kodi ya nyumba nayo haikungoja.

Koki ya Plastiki
Shemeji, kwa kipindupindu hata hoteli kubwa haziponi. Nairobi 2017 waliugua watu waliokula kwenye mikutano ya hoteli za hadhi. Kwa nini msako uanzie kwenye mafiga kila mara?

Njia ya Tunduma
Lusaka Januari 2018, kwa kipindupindu hichihichi, ilikuwa jeshi kabisa. Wachuuzi waliondolewa mitaani, mtaa wa Kanyama ukawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Mwenye nyanya na mwenye kandambili waliondolewa pamoja, wakati kandambili haziliwi.

Vitumbua vya Asubuhi
Tuacheni Lusaka. Ushuru wa meza wa siku tulizofungiwa tunalipa au hatulipi? Kijana wa mashine ya risiti kapita leo, anadai kama kawaida!

Sina Mbambamba
Hapo niko na wewe dada. Dai karatasi ya kufungiwa: tarehe, kasoro zilizoonekana, muda wa kurekebisha, sahihi na mhuri. Piga picha ya banda likiwa limefungwa. Bila karatasi, mtu wa ushuru atasema ulikuwa unauza.

Vitumbua vya Asubuhi
Hakuna aliyepewa karatasi. Wamechora X ya rangi nyekundu mlangoni basi.

Samaki wa Kubanika
Nyie mna milango ya kuchorwa. Sisi tumeambiwa kwa kipaza sauti, sato wameshatumbuliwa, wako kwenye barafu, na barafu imepanda bei leo hiihii. Nani ana friza lenye nafasi Temeke? Nalipia kwa kilo.