Naombeni ushauri: Kumtembeza mzee Mji Mkongwe kwa programu ya simu, itawezekana?

Mwana_wa_Mbagala

Habari za jioni wakuu. Mnaoijua Unguja vizuri naombeni msaada.

Mwezi ujao nampeleka baba Zanzibar kwa siku mbili. Ana miaka 73, magoti yanamsumbua ila kichwa kiko sawa kuliko changu. Ujanani alikuwa baharia kwenye jahazi la kubeba boriti kutoka Rufiji. Wakishashusha mzigo Malindi ya hapo Unguja wakisubiri upepo, analala kwenye chumba cha kupanga huko Kiponda. Hajarudi tangu 1976. Anachokitaka hasa ni kuiona ile nyumba. Namba hakumbuki, jina la mwenye nyumba hakumbuki. Anakumbuka mlango: "una samaki chini na mnyororo pembeni", na jirani aliyekuwa akiuza kahawa barazani.

Nimepakua programu moja ya utalii, ina ramani na maelezo ya sauti. Nilipopita huko kikazi nikaijaribu. Nimesimama Hurumzi, doti ya buluu inanionyesha niko ndani ya nyumba ya watu mtaa wa pili. Nafika mbele ya Beit al-Ajaib, lile jumba la zamani la sultani, sauti inanikaribisha nipande roshani ya juu nikaangalie bahari. Mbele yangu ni uzio! Lile jengo liliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020. Halafu maelezo yote ni Kiingereza, na mzee hatavumilia hata dakika mbili.

Sasa niing'ang'anie hii, nitafute nyingine, au nikodi mtu wa kututembeza? Mapapasi, wale vijana wanaowaganda wageni mitaani, nawaogopa.

Chuma_Chakavu

Mkuu, mzee wako ndiyo ramani yenyewe. Wewe beba maji tu 😂

Fundi_Ramani

Suala la doti si ubovu wa programu peke yake. Vichochoro vile ni vyembamba na kuta ni ndefu, simu inaona kipande kidogo cha anga, na mawimbi ya setilaiti yanagonga ukuta kwanza ndipo yaifikie. Hata simu ya bei mbaya itayumba. Usiifuate doti ukiwa ndani ya mitaa. Ukitokea uwazini, Forodhani au Darajani, iache itulie, ndipo uhesabu kona.

Kwa ramani tumia yoyote inayotokana na OpenStreetMap, ile ramani huria inayochorwa na watu wa kujitolea, ipakue nzima kabla ya kupanda boti ili usile bando. Unguja ina bahati: kuanzia 2016 visiwa vilipigwa picha kwa droni, wanafunzi wa SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, wakiwemo kwenye kazi hiyo, kwa hiyo hata nyumba ndogo zimechorwa. Na beba pawabenki. Maelezo ya sauti pamoja na ramani yanamaliza chaji kabla ya adhuhuri.

Bi_Kikwajuni

Mwanangu, huyo baba ataka nyumba, hataki makumbusho. Hizo programu zote nimeziona kwa wajukuu zangu: zaanza na Freddie Mercury Shangani, zaenda Ngome Kongwe, zamalizia Forodhani kwa pizza. Zikifika barabara ya Mkapa zanyamaza, kama kwamba Ng'ambo, upande wa pili wa barabara, hapakai watu. Siti binti Saad aliyekwenda Bombay 1928 kurikodi santuri alikuwa akiimba huku kwetu Ng'ambo, lakini simu haikwambii.

Sasa sikiliza. Mlango wa samaki na mnyororo, muulize baba juu ulikuwaje. Kama kizingiti cha juu kimenyooka, huo ni wa Kiarabu wa zamani. Kama umeviringa kama upinde, ni wa mtindo wa Kihindi. Na ule mti wa katikati unaogawa mbao mbili, sisi twauita mfaa. Muulize ulichongwa maua gani. Hapo tayari umeshapunguza nusu ya milango ya Kiponda.

Usiulize mwenye nyumba. Baada ya Mapinduzi nyumba nyingi zilichukuliwa na serikali, wapangaji wakaja wakatoka. Uliza muuza kahawa. Nenda baada ya alasiri, wazee wameshatoka msikitini, keti barazani, toa salamu, kunywa kahawa, ndipo useme shida yako. Ukifika na simu mkononi unauliza kabla hujaketi, utaambiwa "mbele kidogo" mpaka usiku.

Kaka_Msomi

Heshima yako bibi, ila tusizitupe programu zote. Na watembezaji nao wana yao. Pale Mkunazini, lilipokuwa soko la watumwa, utaoneshwa vile vyumba vya chini na kuambiwa watumwa walifungiwa humo. Wapo wanahistoria wanaosema jengo lile ni la wamisionari, lilijengwa baada ya soko kufungwa 1873. Programu iliyoandikwa vizuri inaweza kukupa pande zote mbili, mtu anayesubiri bakhshishi hakupi.

Bi_Kikwajuni

Hilo sikatai. Lakini ile programu yake hata jengo lililoanguka haijui. Kama ataka mtembezaji, amtake mwenye kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii, wapatane bei kabla hawajaanza, tena amwambie mapema: twatafuta mlango, maduka ya vinyago hatuendi.

Mwana_wa_Mbagala

Wakuu tumerudi juzi, naleta mrejesho.

Mzee alisema kizingiti kilinyooka na mfaa ulikuwa na mawaridi. Siku ya kwanza simu ilitufikisha Kiponda basi, ikabaki mfukoni. Tukakaa barazani kama bibi alivyoelekeza. Kikombe cha pili, mzee mmoja akamuuliza baba alikuja na jahazi la nahodha gani. Baba akataja. Hapo sikuongea tena mimi, dakika arobaini nzima.

Nyumba ipo, siku hizi ni hoteli. Mlango umepakwa vanishi mpaka unang'aa, samaki wapo ila mmoja mkia umekatika. Kijana wa mapokezi akaturuhusu kuingia. Baba hakuangalia fanicha wala mataa. Aliinua kichwa akaanza kuhesabu boriti za dari, akamwambia yule kijana kwamba vyumba hivi vyote ni vyembamba kwa sababu boriti hairefuki zaidi ya hapo, "na kuzibeba ukaulize bega langu." Kisha wakabishana kuhusu jiko lilipokuwa. Kijana alishindwa.

Mkunazini tulienda pia, kwa programu. Mzee alikaa kwenye benchi, nikawa namtafsiria. Ilikuwa sawa tu.

Fundi_Ramani, nataka kuiweka ile nyumba kwenye ramani na maelezo ya mzee kwa Kiswahili. Nimemrekodi kwa simu, kama saa moja hivi. Naanzia wapi?

Fundi_Ramani

Njoo inbox. Eneo tunaweka jioni hii hii. Ile sauti usiipunguze hata kidogo, nitumie kama ilivyo.